Kamera ilisema 42, shaba ilikuwa na 90: kisa cha paneli iliyoungua wakati tumeshaipima

Kabla ya yote

Hiki ni kisa cha kweli kutoka kiwanda kimoja cha kusindika chakula ukanda wa Pwani huku Tanzania. Jina la kiwanda nimelitoa, majina ya watu nimeyatoa, na vitu viwili vitatu ambavyo vingemfanya mtu ajue ni wapi nimeviacha. Namba za joto na za umeme ni zile tulizoandika kwenye daftari. Mimi ndiye niliyeshika kamera siku ile kwa hiyo naandika nikijua kabisa nilikosea wapi, na naandika kwa sababu nimeshaona mafundi wengine wakifanya kosa hilohilo wakiwa na kamera za bei kali kuliko yetu.

Usuli

Kiwanda kina paneli kuu moja inayopokea umeme kutoka transfoma na kuugawa kwenye mashine. Ndani yake kuna basibari, zile bapa za shaba zinazobeba umeme mwingi, moja kwa kila fezi, yaani kila mojawapo ya njia tatu za umeme, na zetu zimepakwa bati juu kwa hiyo zinang'aa kama kijiko kipya. Kebo zinaungwa kwenye hizo bapa kwa lagi, yaani kile kikombe cha metali kinachominywa kwenye ncha ya kebo halafu kinafungwa kwa bolti na nati. Kwenye shingo ya kila lagi kuna mpira wa rangi unaosinyaa ukipigwa moto, mwekundu, wa njano na wa bluu, kuonyesha fezi. Ushike vizuri huo mpira maana mbele huko ndo wenye habari yote.

Miezi kama sita kabla ya tukio iliongezwa mashine mpya, kebo mpya zikaungwa kwenye basibari zilezile, kazi ikafanywa usiku ili uzalishaji usisimame. Tangu hapo lodi, yaani mzigo wa umeme unaotumika, ilipanda, siku za kawaida tunakaa kwenye ampia 520 hivi kwa fezi na msimu ukikolea tunafika 780.

Uongozi ukanunua kamera ya joto. Ilikuja kwenye boksi lake na kijitabu, nikapewa mafunzo ya nusu siku, na cha kusikitisha ni kwamba kwenye mafunzo yale tulipiga picha za ukuta, mota iliyopakwa rangi, kikombe cha chai na nyuso zetu wenyewe. Vyote hivyo vinapimika bila shida yoyote. Metali tupu hatukuigusa hata mara moja.

Siku ya kupima

Ilikuwa asubuhi saa nne, lodi ampia 520, chumba cha paneli kina nyuzi 34 kwa sababu AC ilishakufa zamani. Taa ya chumbani ilikuwa hafifu, tukaleta taa ya halojeni ya stendi tukaiweka upande wa kushoto ili tuone vizuri. Nilivaa glovu na ngao ya uso, mlango wa paneli ukafunguliwa, nikasimama kama mita moja na nusu nikapiga.

Kwenye skrini nikaona hivi, nikiweka alama ya kupimia juu ya metali ya kila kiungio: fezi ya njano 37, fezi ya bluu 42, na fezi nyekundu ina doa jeupe kabisa linalosoma 63.

Hapo moyo ukaniruka, 63 na 37 ni tofauti ya nyuzi 26. Miongozo mingi ya kazi hii inasema tofauti ikizidi nyuzi 15 kati ya viungio vinavyofanana vyenye lodi sawa basi rekebisha mara moja, usisubiri. Ile ya bluu ilikuwa imezidi kwa nyuzi 5 tu, kundi la "rekebisha ukipata nafasi", nikaiandika kwenye ripoti mstari wa mwisho.

Jumamosi tukapewa dakika 40 za kuzima. Tukafungua kiungio cha fezi nyekundu, tukakikuta safi, hakuna weusi, hakuna alama ya kuungua, shaba inang'aa vilevile. Fundi mzee tuliyekuwa naye akakitazama muda mrefu akaniambia, "Kijana, hiki hakijawahi kupata moto." Nikamjibu, "Mzee wangu, kamera imeonyesha." Tukakisugua kidogo, tukakaza upya, muda ukaisha tukawasha.

Jumatatu nikapiga tena picha. Mara hii taa ya stendi haikuwepo, ilishachukuliwa na watu wa godauni. Fezi nyekundu ikasoma 37. Nikaandika kwenye ripoti kwamba tatizo limekwisha, bosi wa matengenezo akasaini, tukafurahi kweli maana hiyo ndo ilikuwa kazi ya kwanza ya kamera.

Siku 19 baadaye

Msimu ukaanza, lodi ikapanda. Siku ya kumi na sita dada anayefanya usafi kwenye korido ile alinisimamisha, akasema, "Kaka, humo ndani kunanuka kama kandambili inayoungua." Nilienda nikafungua mlango wa chumba, nikanusa, nikasikia kitu kwa mbali, nikafikiri ni mkanda wa mashine ya jirani. Kamera ilikuwa ofisini hatua 50 kutoka pale. Sikuifuata kwa sababu kichwani mwangu ile paneli ilishapimwa na ikapona.

Siku ya 19, saa nane usiku, lodi ampia 780, fezi ya bluu ikaungua kwenye kiungio. Mpira wa bluu uliyeyuka, ganda la kebo likashika moto, moshi ukajaa, breka kuu ikakata. Hakuna aliyeumia na kwa hilo namshukuru Mungu kila nikikumbuka, kwa sababu kama ingekuwa ni wakati mtu kafungua mlango ule tungekuwa tunaongea habari nyingine. Kiwanda kilisimama saa 31. Basibari ya bluu ilibidi ikatwe kipande na kuungwa nyingine, kebo mbili zikabadilishwa.

Tulipofungua kiungio tukakuta chanzo. Usiku ule wa kuongeza mashine, ncha ya mpira wa bluu ilikuwa ndefu ikaingia chini ya lagi, ikabanwa kati ya lagi na basibari. Kipande chenyewe hakizidi ukucha wa kidole kidogo. Kikapunguza eneo la shaba kugusana, joto likapanda, plastiki ikalainika, bolti ikalegea, ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, ukaongezeka, joto likapanda tena, na ukishaingia kwenye mzunguko huo hakuna kurudi nyuma.

Hesabu yake ni rahisi. Kiungio kizuri cha aina hii kina ukinzani wa kama mikro-omu 10 (mikro-omu ni sehemu moja ya milioni ya omu, kipimo cha ukinzani), kwa ampia 520 kinatoa wati 2.7 tu, joto ambalo basibari inalimeza bila wewe kujua. Kikiharibika kikafika mikro-omu 200, kwa mkondo uleule kinatoa wati 54, na kwa ampia 780 kinatoa wati 122. Hiyo ni pasi ndogo imewashwa ndani ya kiungio chenye ukubwa wa ngumi. Joto linapanda kwa mraba wa mkondo, ndo maana kitu kilichovumilia miezi mitano hakikuvumilia wiki mbili za msimu.

Picha ya zamani

Baada ya wiki nikakaa na zile picha za siku ya kwanza. Kamera hizi zinahifadhi joto la kila nukta, kwa hiyo unaweza kurudi kwenye kompyuta ukahamisha alama ya kupimia popote unapotaka. Nikaitoa kwenye metali nikaiweka juu ya mipira ya rangi, sentimita mbili tatu kutoka kwenye lagi.

Mpira mwekundu 50. Wa njano 50. Wa bluu 73.

Nilikaa kimya pale muda mrefu. Tofauti ya nyuzi 23 ilikuwa ndani ya picha ileile niliyopiga mwenyewe na kuituma kwa bosi, siku 28 kabla ya moto, ila mimi niliweka alama kwenye kitu kinachong'aa kwa sababu niliwaza kwamba joto liko kwenye shaba basi pima shaba.

Uchambuzi: kwa nini shaba ilidanganya

Kamera ya joto haipimi joto. Inapokea mnururisho wa infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho ambao kila kitu chenye joto kinautoa, mawimbi yenye urefu wa mikroni 8 mpaka 14 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), halafu inakisia joto kwa kudhani kitu kinatoa kiasi fulani cha mnururisho. Hicho kiasi kinaitwa emisiviti, namba kati ya 0 na 1. Ngozi ya mtu ni kama 0.98, tepu nyeusi ya umeme na rangi nyingi za mafuta ziko kwenye 0.9 na zaidi, ganda la kebo vilevile. Shaba iliyong'arishwa ni 0.05 au chini ya hapo, bati linalong'aa kama letu tuliweka 0.1. Kamera yetu ilikuwa na setingi ya 0.95, ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Metali ina elektroni huru, hazijafungwa kwenye atomu moja. Wimbi la infraredi likigonga, hizo elektroni zinacheza nalo na kulirudisha, kwa hiyo metali safi ni kioo kizuri sana cha infraredi. Sasa mwanafizikia Gustav Kirchhoff alishaonyesha tangu 1859 na 1860 kwamba kitu kinachomeza vizuri ndicho kinachotoa vizuri, na kinachorudisha vizuri kinatoa vibaya, kwa wimbi lilelile na joto lilelile. Basi bapa letu lenye emisiviti 0.1 likikutazama, sehemu 10 katika 100 ni joto lake na 90 zilizobaki ni sura ya vitu vilivyo mbele yake: ukuta, mlango, wewe, taa.

Nikafanya hesabu upya. Chumba nyuzi 34, emisiviti 0.1. Ile 37 ya fezi ya njano ilikuwa na maana ya kama nyuzi 54 halisi. Ile 42 ya fezi ya bluu ilikuwa na maana ya kama nyuzi 90. Yaani tofauti halisi ya nyuzi 35 hivi ilikuja kwangu imenyongwa ikabaki 5, na ile 5 nikaiandika mstari wa mwisho. Ukiipeleka mbele kwa mraba wa mkondo, fezi ya bluu kwenye ampia 780 inakwenda kwenye nyuzi 160, wakati ganda la kawaida la PVC limetengenezwa kwa nyuzi 70. Hapo hakuna muujiza, lazima inuke kandambili.

Uchambuzi: doa la fezi nyekundu

Doa la 63 lilikuwa ni taa ya halojeni. Kioo chake kilikuwa cha moto sana, infraredi yake ikagonga basibari ya kushoto ikaruka mpaka kwenye lenzi. Taa ilipoondoka doa likaondoka, na mimi nikasema kukaza kwetu ndo kumeponya.

Kilichoniuma ni kwamba metali yenyewe ilikuwa inaniambia. Mwaka 1853 wanafizikia Wiedemann na Franz waligundua kwamba metali zinazopitisha umeme vizuri zinapitisha na joto vizuri kwa uwiano uleule, kwa sababu elektroni zilezile zinabeba vyote viwili. Shaba inapitisha joto kwa kama wati 400 kwa mita kwa kila nyuzi, chuma cha kawaida ni kama 50, chuma kisichoshika kutu ni kama 15. Joto la kweli kwenye kiungio cha shaba haliwezi kukaa sehemu moja, linamwagika kwenye bapa na kwenye kebo, linafifia polepole kadiri unavyoenda mbali. Doa la fezi nyekundu lilikuwa na mipaka mikali, sentimita mbili pembeni yake kuna 38. Kwenye shaba nene ya vile hilo haliwezekani. Ningejua tu jambo hilo moja ningesimama pale pale nikajiuliza.

Na kulikuwa na njia rahisi zaidi, isiyo na hesabu. Sogea hatua moja kushoto, sogea kulia. Joto la kweli linabaki pale lilipo, sura ya kwenye kioo inahama na wewe.

Fundi mzee aliona kwa macho kwamba kiungio hakijawahi kupata moto. Macho yake yalikuwa na ushahidi wa kweli, shaba na bati vikichemka vinabadilika rangi na havirudi. Kilichomshinda ni kwamba kamera ilikuwa mpya na ya gharama, na aliyeishika ni kijana mwenye cheti. Alinyamaza. Namuheshimu sana mzee yule na nilimwomba radhi mbele ya wenzetu.

Uchambuzi: kumbe ni ngozi tu

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo sehemu inayonivutia mpaka leo.

Watu wanauliza, emisiviti ya shaba ni ngapi, emisiviti ya aluminiamu ni ngapi, wanataka jedwali. Jedwali linakudanganya kwa sababu kamera haioni shaba, inaona ngozi ya juu kabisa. Infraredi ikiingia kwenye metali inazimika ndani ya makumi machache ya nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Bati la juu ya basibari zetu lina unene wa mikroni chache tu lakini kwa infraredi hilo ni pazia zito, shaba ya chini haionekani kabisa. Angalia ndani ya pakiti ya krispi, ile ng'aro ya fedha ni aluminiamu yenye unene wa makumi ya nanomita tu, na bado kwa jicho ni kioo.

Sasa geuza. Aluminiamu ikikaa hewani inajifunika yenyewe kwa oksaidi, utando unaotokana na metali kuungana na oksijeni, nanomita chache. Kwa umeme hiyo oksaidi ni adui mkubwa, ni kizuizi, ndo maana lagi za aluminiamu zinasuguliwa na kupakwa grisi maalum kabla ya kufungwa. Lakini kwa infraredi yenye urefu wa nanomita 10,000 hiyo oksaidi ni kama haipo, aluminiamu inabaki na emisiviti ndogo vilevile. Ila ukiifanyia aluminiamu ile kazi ya kuikuza oksaidi kwenye tangi la asidi, kama fremu nyingi za madirisha, oksaidi ikafika mikroni 10 mpaka 25, basi emisiviti inaruka mpaka kama 0.8. Metali ileile, jina lilelile, ngozi tofauti.

Na rangi unayoiona kwa jicho haikusaidii. Rangi nyeupe ya mafuta inarudisha mwanga wa kawaida vizuri kabisa lakini kwenye infraredi ndefu ni kama nyeusi, 0.9. Kwa hiyo paneli nyeupe unaipima bila shida na basibari ya fedha huipimi, japo zote jicho linaona zinang'aa.

Hata dhahabu, ukiisaga mpaka chembe za nanomita 20 hivi ndani ya maji inaacha kuwa ya njano inakuwa nyekundu kama divai, kwa sababu elektroni zimebanwa kwenye chembe ndogo na zinameza mwanga wa kijani. Ule mstari mwekundu kwenye vipimo vingi vya haraka vya malaria ni hiyo dhahabu. Sisi tulikuwa tunashika paneli na wenzetu wa zahanati wanashika kile kikaratasi, na wote tunasoma elektroni za metali.

Sufuria ya karakana

Wenzangu hawakuniamini kwa maneno. Nikachukua sufuria ya aluminiamu ya karakana, ile ya uji, ambayo nje juu inang'aa kwa kusuguliwa na chini ina masizi ya mkaa. Nikabandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye sehemu inayong'aa, pembeni yake nikapaka doa la rangi nyeupe, nikasubiri likauke. Nikajaza maji, nikachemsha, nikaepua, nikaita watu.

Kwenye tepu kamera ilisoma 94. Kwenye doa jeupe 93. Kwenye masizi 93. Kwenye aluminiamu inayong'aa, sentimita moja kutoka kwenye tepu, ilisoma 38.

Kijana mmoja wa shifti ya asubuhi alitazama skrini akatazama sufuria akanyoosha kidole aiguse pale penye 38. Nikamshika mkono.

John Leslie wa Scotland alifanya jaribio la namna hii mwaka 1804, chombo chenye maji ya moto na pande zenye ngozi tofauti, upande mweusi unatoa joto jingi na uliong'arishwa unatoa kidogo ingawa maji ni yaleyale. Masizi yanafanya kazi nzuri hivyo kwa sababu ni chembe za kaboni za makumi ya nanomita zilizoshikana ovyoovyo kama sufi, mnururisho ukiingia humo hautoki. Mama zetu wanaosugua sufuria mpaka zing'ae na kuacha masizi chini wametupa kifaa kizuri cha kufundishia.

Maamuzi ya wakati ule, yalikuwa na mantiki gani

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kuchagua fezi nyekundu kwanza kulikuwa sahihi kwa namba tulizokuwa nazo. Kukaza fezi moja tu kulitokana na dakika 40, na mwenye uzalishaji alikuwa na oda ya kutoa. Kuleta taa kulikuwa ni usalama, huwezi kusimama mbele ya basibari zenye umeme gizani.

Kosa ambalo silitetei ni la Jumatatu. Tulibadilisha vitu viwili kwa pamoja, tukakaza kiungio na taa ikaondoka, halafu tukampa sifa mmoja. Na kosa la pili ni harufu. Pua ya yule dada ilikuwa kipimo halali kabisa na mimi nililinganisha na ripoti badala ya kuilinganisha na paneli.

Kuna aliyependekeza baada ya moto kwamba tungeweka tu emisiviti 0.1 kwenye kamera mambo yangekuwa sawa. Nilimwonyesha hesabu. Kwa ile 42 ya fezi ya bluu, ukiweka 0.10 unapata 90, ukiweka 0.07 unapata 107, na hakuna mtu anayejua kama bati lako ni 0.10 au 0.07, vumbi na alama za vidole vinatosha kulihamisha. Ukikosea joto la chumba kwa nyuzi 3 tu, ukaandika 37 badala ya 34, ile 90 inaporomoka mpaka 71. Kwenye emisiviti ndogo kila kosa dogo linakuzwa.

Tulichobadilisha

Kwenye shatidauni iliyofuata, umeme umezimwa, umepimwa kwamba haupo na umewekewa kufuli, tulisafisha kila kiungio na kubandika kipande cha tepu yenye emisiviti inayojulikana kwenye metali karibu na bolti. Kipande kiwe kikubwa, angalau mara tatu ya nukta ambayo kamera inaipima kwa umbali ule. Hapa wenye bunduki za kupimia joto za bei nafuu mjihadhari, ile yenye uwiano wa 12 kwa 1 (umbali kwa upana wa duara inalopima) ukiwa sentimita 60 inapima duara la sentimita 5, basibari yako ya sentimita 4 imeshamezwa na ukuta wa nyuma umeingia. Tepu ya kawaida ya umeme usiitegemee mahali panapokwenda mbali juu ya nyuzi 80, gundi inaachia na tepu ikidondoka ndani ya paneli umejiletea balaa jingine, kuna tepu na rangi za kuhimili joto kwa ajili hiyo.

Pale ambapo hatukuweza kubandika tunapima mpira na ganda la kebo karibu na lagi, au tunalenga ndani ya tundu na mfereji kati ya bapa mbili, maana mnururisho ukigongagonga ndani ya tundu unatoka umekaribia kuwa wa kitu cheusi kabisa, chenye emisiviti 1, hata kama metali inang'aa. Taa ya halojeni imefukuzwa, tunatumia ya LED na tunaizima sekunde ya kupiga picha. Kila picha inapigwa kutoka pembe mbili. Kila namba inaandikwa na ampia zake pembeni, kwa sababu nyuzi 73 kwa ampia 520 na nyuzi 73 kwa ampia 780 ni habari mbili tofauti kabisa.

Bolti zinakazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na kuchorwa mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye bapa, nati ikihama mstari unavunjika unauona. Na kabla lagi haijafungwa mtu wa pili anaangalia chini yake kwa tochi kama kuna mpira uliobanwa.

Yule dada wa usafi ana namba ya simu ya fundi wa zamu. Ameshapiga mara mbili, mara moja ilikuwa ni fyuzi ya feni, mara nyingine ilikuwa kweli ni mkanda wa mashine.

Picha ya karibuni kabisa niliyopiga, lodi ampia 520, chumba nyuzi 34: kwenye tepu fezi nyekundu 52, njano 52, bluu 53. Pembeni ya tepu, kwenye metali inayong'aa, kamera ileile inasoma 36, 37, 36.